Ukiambiwa "karo" ya shule ya serikali, uliza ni ya nini

Nilipokuwa Doha, kila muhula ukifunguliwa simu ya mama kutoka Likoni, Kenya, ilikuja na neno moja: karo. Mpwa wangu alikuwa darasa la nne, shule ya msingi ya serikali. Nikawa natuma tu. Siku nilipomwomba mama anisomee ile karatasi aliyoletewa na mtoto, karo haikuwamo hata shilingi moja. Kulikuwa na pesa ya mtihani, uji wa saa nne, mlinzi, na mshahara wa mwalimu aliyeajiriwa na bodi ya shule.

Ndugu zangu mlio ughaibuni, hapo ndipo pa kuanzia. Masomo ya msingi yalifanywa ya bure Januari 2003, na serikali kuu ndiyo inayoyalipia. Mgao uliowekwa ni shilingi 1,420 kwa mtoto kwa mwaka shule ya msingi, 15,042 gredi ya 7 hadi ya 9, na 22,244 sekondari ya kutwa. Walimu wa kudumu hulipwa na TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu. Chekechea ni jukumu la kaunti.

Sasa chukua hiyo 1,420 uigawe kwa mihula mitatu: haifiki mia tano. Hapo pana chaki, madaftari, maji, stima, na choo kinachotaka kutengenezwa. Mgao ukichelewa, mwalimu mkuu atamgeukia nani kama si mzazi? Simlaumu kwa kuomba. Lakini aombe kwa utaratibu.

Utaratibu wenyewe umo katika Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 29. Shule ya umma haitozi karo ya masomo. Michango mingine sharti iidhinishwe na waziri kwa kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti, itolewe risiti rasmi, na mtoto asizuiwe kusoma kwa sababu hajalipa. Mpwa wangu alirudishwa nyumbani siku mbili kwa ajili ya pesa ya mtihani, nami sikujua kwamba haifai. Ningejua, mama angekwenda kuuliza asubuhi ileile.

Bweni ni habari nyingine: huko mzazi analipa, na si kidogo. Aliye nyumbani aombe basari mapema katika ofisi ya CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge lenu.

Na wewe unayerudi na watoto, shika hili: sheria hiyohiyo inaruhusu asiye raia wa Kenya atozwe karo. Mtoto aliyezaliwa nje ni raia kwa kuzaliwa iwapo baba au mama ni Mkenya, ila shule itataka karatasi. Zishughulikie ubalozini kabla hujafunga mizigo.

Siku hizi silipi kwa simu ya mtu. Naomba nambari ya akaunti ya shule, nalipa moja kwa moja, kisha mama anakwenda kuchukua risiti na kunipigia picha. Kila mchango una mstari wake.