Somo: Kuchagua bunduki ya mitutu iliyopandana, kwa sahani na kwa ndege

Wengi mliopata cheti cha shotgani hapa Uingereza mnauliza jambo lilelile: ipo bunduki moja itakayonifaa Jumapili kwenye sahani za udongo, zile shabaha zinazorushwa angani, na Novemba shambani kwenye fezanti, ndege wa kuwindwa? Ipo. Ni ile ya mitutu miwili iliyopandana, mmoja juu ya mwenzake, na madukani zimejaa. Ugumu uko kwenye kuchagua, maana kazi hizi mbili zinavutana. Sahani zinataka bunduki nzito inayotulia mikononi. Ndege wanataka nyepesi, unayotembea nayo kutwa na kuiinua ghafla.

Jibu langu kwa walio wengi: geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu), mitutu ya inchi 30, uzito kati ya kilo 3.3 na 3.5, choki (mbano wa mdomo wa mtutu) za kubadilisha, na kitako kinachokukaa. Hilo nililolitaja mwisho ndilo la kuanza nalo dukani.

Hatua ya 1: Hesabu risasi zako

Jiulize utafyatua risasi ngapi kwa mwaka, na kwenye kazi ipi. Mzunguko mmoja wa skiti ni sahani 25, na mashindano ya sporting mara nyingi ni sahani 100 kwa siku; yote mawili ni michezo ya kupiga sahani. Msimu wa fezanti England unaanza tarehe 1 Oktoba na kwisha 1 Februari, na anayealikwa siku chache tu hupiga risasi chache msimu mzima kuliko anazopiga kwenye sahani ndani ya mwezi. Ukiwa mtu wa namna hiyo, nunua bunduki ya sahani inayoweza kwenda shambani. Anayepita vichakani na mbwa wake kila wiki afanye kinyume chake.

Hatua ya 2: Kitako kwanza, jina baadaye

Bunduki ya marisau, yaani punje ndogo zilizo ndani ya risasi, hailengwi kama raifo. Haina kitazamio cha nyuma. Jicho lako ndilo kitazamio hicho, na kitako ndicho kinachoamua jicho likae wapi. Kitako kirefu kitanasa kwenye nguo unapoinua. Kifupi mno kitaleta kidole gumba puani. Mgongo wa kitako ukiwa chini sana, shavu linazama na marisau yanapita chini ya shabaha. Ukiwa juu sana, yanapita juu. Vilevile vitako vingi vimepindwa kidogo kuelekea kulia kwa ajili ya wanaotumia bega la kulia. Mwenye kutumia la kushoto asikubali kuambiwa atazoea.

Dukani, fungua bunduki kwanza, uone kwa macho yako kwamba chemba zote mbili ni tupu, kisha omba ruhusa ya kuijaribu mbele ya kioo. Litazame jicho lako kwenye kioo, funga macho, inua bunduki mpaka iguse shavu na bega, halafu fungua macho. Mboni inapaswa kuonekana katikati, juu kidogo tu ya ubapa wa mtutu, yaani ule ukanda bapa ulio juu yake. Rudia mara kadhaa. Ukilazimika kusogeza kichwa ili uone vizuri, bunduki hiyo haijakukaa, hata kama nakshi zake zimekupendeza.

Sasa jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi, nalo ndilo kiini cha bunduki ya kazi mbili. Julai utapiga sahani ukiwa na fulana na kizibao chepesi. Januari utasimama kwenye baridi na sweta na koti nene. Koti lile ni sawa na kuongeza urefu wa kitako. Kwa hiyo nenda dukani na koti lako la baridi. Chagua kitako kinachofaa ukiwa umelivaa, kisha wakati wa kiangazi ongeza pedi au kipande cha kurefusha. Vitako vingi vya dukani vina urefu wa karibu sentimita 37 kutoka kwenye triga, na fundi bunduki hupunguza au huongeza bila shida. Pesa ya kumlipa fundi akupime ina faida kuliko pesa ya kupandia daraja la nakshi.

Pima na jicho lako kuu. Elekeza kidole kwenye kitu cha mbali ukiwa umefungua macho yote mawili, kisha fumba jicho la kushoto. Kidole kikibaki palepale, jicho kuu ni la kulia. Kikiruka, ni la kushoto, na kama unatumia bega la kulia zungumza na mkufunzi kabla ya kununua chochote.

Hatua ya 3: Uzito na mitutu

Bunduki za shambani za geji 12 huwa na karibu kilo 3 hadi 3.2, za sahani huanzia kama kilo 3.4 na kupanda. Bunduki nzito hupunguza teke begani na huendelea kuzunguka hata mkono ukitaka kusimama, na kusimamisha mkono ndiko kunakowakosesha watu sahani nyingi zinazokatiza. Lakini kubeba kilo 3.8 kwenye matope ya kilima hadi saa tisa alasiri ni adhabu, na kwale akiruka miguuni utachelewa.

Urefu wa mitutu: inchi 28 ni sentimita 71, inchi 30 ni 76, inchi 32 ni 81. Kwa kazi mbili nachukua 30 bila kusita. Mtu mfupi wa mwili, au anayepiga zaidi vichakani, 28 itamfaa. Usidanganyike kwamba mtutu mrefu unapeleka marisau mbali zaidi. Faida yake iko kwenye kuelekeza na kwenye mizani. Ndiyo maana ukishaiinua, sikiliza uzito uko wapi. Mimi napenda ulale kwenye bawaba, katikati ya mikono miwili, au mbele yake kidogo.

Hatua ya 4: Choki

Choki ni ule mbano mdogo mdomoni mwa mtutu unaobana mtawanyiko wa marisau. Hupimwa kwa duara la inchi 30 lililowekwa yadi 40, yaani kama mita 36 na nusu. Mtutu usio na mbano huingiza karibu asilimia 40 ya marisau ndani ya duara hilo, choki ya robo asilimia 55, nusu asilimia 60, na kamili asilimia 70.

Weka robo mtutu wa chini na nusu mtutu wa juu, halafu ziache hapo. Mtutu wa chini hufyatuliwa kwanza kwa sababu teke lake linakuja moja kwa moja begani na mdomo haurushwi juu sana, hivyo unawahi risasi ya pili. Nawaona watu wakibadilisha choki kila kituo, na akili yao inabaki kwenye ufunguo wa choki badala ya kwenye sahani. Robo na nusu zinavunja sahani karibu zote za sporting na zinaangusha fezanti wa umbali wa kawaida.

Choki za kubadilisha zipakwe grisi na zikazwe. Ikilegea, mdomo wa mtutu unaharibika.

Hatua ya 5: Triga, usalama na ubapa

Bunduki za shambani nyingi zina kifungo cha usalama kinachojirudisha kila unapofungua bunduki. Kwenye sahani kitakukera, kwa sababu utaita sahani na triga itakataa. Fundi anaweza kukitenganisha kiwe cha mkono. Nakipendelea cha mkono, kwa sharti kwamba shambani unakirudisha mwenyewe kila unapopakia, pasipo kusahau. Asiyejiamini kwa hilo aache cha kujirudisha.

Kwa ubapa wa juu, chukua wa milimita 8 hadi 10, tambarare. Ule ulioinuliwa juu umetengenezwa kwa trap, mchezo mwingine wa sahani, ambako sahani hupanda daima.

Hatua ya 6: Muhuri wa marisau ya chuma

Hapa siwasihi, nawasisitiza. Risasi ya timbi (ile metali nzito, lead kwa Kiingereza) imo katika kuondolewa. Denmark iliacha marisau ya timbi mwaka 1996, England ilizuia kuyatumia kwa bata mwaka 1999, Umoja wa Ulaya uliyapiga marufuku maeneo ya majimaji kuanzia Februari 2023, na Julai 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza kuyaondoa pamoja na baadhi ya risasi nyingine za timbi, baada ya kipindi cha mpito cha miaka 3. Tafuta kwenye mitutu muhuri wenye umbo la ua la yungiyungi: unaonyesha imepimwa kwa marisau ya chuma yenye nguvu kubwa. Chuma ni chepesi kuliko timbi, hivyo chukua punje kubwa zaidi kwa hatua mbili: uliyezoea namba 6, chukua namba 4 (namba ikipungua, punje inakua). Na kwa chuma kikubwa usizidi choki ya nusu.

Hatua ya 7: Ukinunua iliyotumika

Bunduki nzuri iliyotumika ina thamani kuliko mpya dhaifu. Ondoa mti wa mbele, ule ulio chini ya mitutu, shika kwenye kitako, tikisa taratibu: mitutu isicheze. Tazama wenzo wa kufungulia. Kwenye bunduki mpya hukaa upande wa kulia wa mstari wa kati, na kadiri bawaba inavyolika unasogea kushoto. Tenganisha mitutu, ining'inize kwa kidole kupitia ndoano yake, igonge kwa kifundo. Ikilia kama kengele, mbavu zinazounganisha mitutu zimeshika. Ikikoroma, kuna mahali pameachia. Tazama ndani dhidi ya mwanga: vivuli vikae duara kamili, kivuli kilichovunjika ni bonyeo. Mwisho, jaribu triga na vitupa-maganda kwa risasi za kufanyia mazoezi, zisizo na baruti.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanamke mfupi, niko Leicester. Muuzaji ananiambia nichukue geji 20 kwa kuwa ni nyepesi, haitaniumiza. Ni kweli?*

Marahaba dada. Si kweli kwa risasi zilezile. Teke linatokana na uzito wa marisau ukilinganisha na uzito wa bunduki. Mafundi wa zamani wa Kiingereza walikuwa na kanuni: bunduki iwe na uzito mara 96 ya marisau. Gramu 28 zinadai kama kilo 2.7, gramu 36 zinadai karibu kilo 3.5. Geji 20 ya kilo 2.8 yenye gramu 28 itakupiga zaidi kuliko geji 12 ya kilo 3.4 yenye gramu 24, na gramu 24 ndizo wanazotumia Olimpiki. Kinachokuumiza mara nyingi ni kitako kirefu na pembe ya sehemu inayogusa bega. Tafuta kitako kifupi chenye mgongo wa juu kidogo. Siku hizi viwanda kadhaa vinatengeneza vya wanawake.

*Kaka, Beretta au Browning? Nimechoka kusoma mabishano.*

Hizo ni bunduki za viwanda viwili maarufu, na zote mbili zitakuzidi umri. Tofauti ya kweli ni mahali pa bawaba. Beretta huwekea mitutu vishikizo viwili ubavuni, hivyo mtambo (kiungo kati ya mitutu na kitako) ni mwembamba na mikono inakaa karibu na mstari wa mtutu. Browning hupitisha bawaba chini ya mitutu, kwa upana wote, hivyo mtambo una kina zaidi. Muundo huo ulianzwa na John Browning mwenyewe, aliyefariki Ubelgiji mwaka 1926 kabla ya kuukamilisha, na mwanawe Val akaendeleza hadi kuwa na triga moja. Miroku ya Japani hutengeneza kwa muundo huohuo, mara nyingi kwa bei nafuu. Inua zote tatu mbele ya kioo, jicho lako litaamua.

*Mimi niko Arusha. Ushauri huu unafaa kwa kanga na kwale?*

Bunduki ni ileile. Kanga ni mgumu na hupenda kukimbia kabla ya kuruka, kwa hiyo tumia gramu 32 hadi 36, punje namba 4 au 5, na anza na choki ya nusu. Kwale anaruka karibu. Robo inatosha na namba 6. Kwa sheria, umiliki uko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kuwinda ndege wa porini kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Anzia polisi, kisha ofisi ya wanyamapori, kabla ya kununua hata risasi moja.

*Mwalimu, kwa nini nisichukue semi-otomatiki? Ina teke dogo na bei nafuu.*

Kwenye sahani inakubalika na teke lake ni dogo kweli. Kwenye siku za fezanti wanaofukuzwa warukie wapigaji, wenyeji wengi hawaitaki, na wana haki. Bunduki ya mitutu iliyopandana ikifunguliwa mkononi, kila aliye mbele yako anaona kwa mbali kwamba haiwezi kufyatuka. Ile nyingine haioneshi hivyo. Pia maganda yake yanarushwa kwenye nyasi, na mkulima mwenye ng'ombe hatakualika tena. Na ukiwa huko, uliza kama wanataka risasi zenye kizibo (kinachotenganisha baruti na marisau) cha nyuzi. Mashamba mengi yenye mifugo hayaruhusu vya plastiki.

*Nimepata iliyotumika, safi, bei nzuri, ila choki zake hazibadiliki: nusu na robo tatu. Niiache?*

Kama imekukaa kwenye kioo, usiiache. Fundi anaweza kufungua choki ya nusu iwe robo kwa kukwangua mbano, kazi ya gharama ndogo. Kumbuka tu kwamba kilichokwanguliwa hakirudi, hivyo piga kwanza kwenye karatasi kubwa uone mtawanyiko ulivyo. Angalia pia muhuri wa chuma. Bunduki nyingi za zamani hazina, na kama haina, bei ishuke.