Somo: Fidia ya ajali ya barabarani Kenya inavyohesabiwa, na ya kuangalia kabla hujasaini

Ndugu zangu, somo hili ni la mtu aliyegongwa na gari au aliyeumia ndani ya matatu hapa Kenya, na sasa kampuni ya bima imempigia simu ikimtajia kiasi. Mimi ni karani katika ofisi ya mawakili Mombasa. Kinachoniuma zaidi katika kazi hii ni kumwona mtu anapokea pesa bila kujua ni pesa za nini. Anaambiwa "laki mbili", anasaini, kisha daktari anamwambia vyuma vya mguuni vitolewe, na pesa zimekwisha zamani. Fidia si sadaka. Ni hesabu yenye vipande, na kila kipande kina karatasi yake. Ukivijua vipande, utajua kama ulichotajiwa kinakutosha au unapunjwa.

Hatua ya 1. Tibiwa, na weka kila karatasi

Karatasi ya hospitali ya siku ya ajali ina uzito kuliko zote zitakazofuata. Mwambie daktari kila panapouma, hata padogo. Bega ambalo halikuandikwa siku ile, ukija kulidai miezi miwili baadaye, upande wa pili watasema umeliumiza kwingine. Wapo wanaokwenda moja kwa moja kwa mganga wa kuunga mifupa. Siwakatazi, lakini piteni hospitali kwanza mkapigwe picha ya eksirei, maana bila picha hiyo ni shida kuthibitisha kwamba mfupa ulivunjika siku ile.

Hatua ya 2. Polisi

Ajali iandikwe kituoni, uchukue nambari ya OB (kitabu cha matukio cha kituo), na baadaye abstrakti ya polisi, yaani muhtasari wao wa ajali. Humo mna nambari ya gari, dereva, mwenye gari, na cheti cha bima. Isome ukiwa bado kaunta. Herufi moja ya nambari ya gari ikikosewa, utakuja kuhangaika sana kuirekebisha. Chukua pia fomu ya P3, ile ya polisi ya kueleza majeraha, ijazwe na daktari. Kujua mwenye gari ni nani hasa, omba rekodi ya gari kutoka NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani.

Hatua ya 3. Jua unamdai nani, na muda ulionao

Kisheria unawadai dereva na mwenye gari. Bima huingia kulipa kwa niaba yao, kwa sababu Sura ya 405 ya sheria za Kenya inalazimisha kila gari liwe na bima ya kufidia watu wengine. Kikomo cha bima hiyo ni shilingi 3,000,000 kwa kila aliyeumia. Mahakama ikitoa zaidi ya hapo, kinachozidi ni deni la mwenye gari mwenyewe.

Muda wa kufungua kesi ni miaka 3 tangu siku ya ajali. Gari likiwa la serikali, ni miezi 12 tu. Tena kampuni ya bima lazima ipewe notisi kabla ya kesi kufunguliwa au ndani ya siku 14 baada ya kufunguliwa. Notisi hii ikisahauliwa, unaweza kushinda kesi na bima ikakataa kulipa.

Na hili nalisema kwa herufi nzito: mazungumzo na bima hayasimamishi muda. Mtu anazungushwa, "njoo wiki ijayo", "faili liko Nairobi", mpaka miaka mitatu inapita. Siku ya pili yake hana kesi, na simu haipokelewi tena. Mazungumzo yakikaribia kumaliza mwaka wa pili, kesi ifunguliwe. Mnaweza kuendelea kuzungumza ikiwa mahakamani.

Hatua ya 4. Piga hesabu, kipande kwa kipande

Hapa tukae.

Kipande cha kwanza ni pesa zilizokwisha kukutoka: hospitali, dawa, magongo, nauli za kliniki, ada ya ripoti ya daktari. Mawakili huziita fidia mahususi. Mahakama zetu hapa ni kali: lazima zitajwe moja moja kwenye hati ya madai (karatasi inayofungua kesi mahakamani), na kila moja ithibitishwe. Hata kama kila mtu mtaani anajua ulikwenda kliniki kwa tuktuk miezi mitatu, bila risiti nauli hiyo ni ngumu kuipata. Mwombe dereva akuandikie. Kipato ulichokosa tangu ajali mpaka uliporudi kazini nacho huingia hapa.

Kipande cha pili ni maumivu yenyewe, na maisha yaliyopunguka. Huyu alikuwa akicheza mpira, sasa hachezi. Huyu hawezi kupiga magoti kusali, anasalia kitini. Hii ndiyo fidia ya jumla, na haina risiti. Hakimu husoma ripoti ya daktari, hulinganisha na hukumu za karibuni za majeraha yanayofanana, kisha huangalia kupanda kwa gharama za maisha. Kwa hiyo usilinganishe kesi yako na ya jirani kwa sababu tu nyote mlivunjika mguu. Wake ulipona ukanyooka. Wako ukipona ukiwa mfupi, hiyo ni kesi nyingine. Tazama daktari ameandika ulemavu wa kudumu asilimia ngapi. Mstari huo mmoja hupandisha au hushusha fidia kuliko kurasa zote zilizobaki.

Kipande cha tatu ni matibabu yajayo. Waliowekewa vyuma, sikilizeni: kama vitakuja kutolewa, daktari aandike kwenye ripoti kwamba vitatolewa na kwa gharama gani, na wakili aitie kwenye hati ya madai. Kisipotajwa humo, mahakama haitakupa. Hiki ndicho kipande ninachokiona kikisahauliwa mara nyingi watu wanapoelewana nje ya mahakama.

Kipande cha nne ni uwezo wa kuchuma uliopungua. Chukua mgema wa Kilifi na karani wa benki, wote kifundo cha mguu kimeshupaa. Karani atarudi kwenye kiti chake. Mgema hapandi tena mnazi. Jeraha ni moja, hasara ni mbili mbalimbali, na sheria inalitambua hilo. Lakini ni lazima uliseme na ulitolee ushahidi.

Tuchukue mfano wa kubuni ili hesabu ionekane. Muuza duka amevunjika mfupa wa muundi, amewekewa vyuma, amerudi kazini baada ya miezi 4. Tuseme fidia ya jumla ni 600,000. Kutoa vyuma, 120,000. Risiti, 145,300. Kipato alichokosa, 20,000 kwa mwezi, jumla 80,000. Vyote ni 945,300. Sasa bima ikimwambia "tunakupa laki tatu tumalize", anajua kuwa laki tatu hazitoshi hata risiti, kipato alichokosa na gharama ya vyuma, zinapungua kwa 45,300, na miezi yote ya maumivu haijalipwa hata shilingi.

Hatua ya 5. Nani alikosea, na kwa asilimia ngapi

Jumla hiyo hukatwa kulingana na kosa lako. Mwenda kwa miguu aliyevuka bila kuangalia anaweza kubebeshwa asilimia 20, kwa mfano, naye dereva 80. Katika hesabu yetu hapo juu, 189,060 zingeondoka, zikabaki 756,240. Abiria aliyekaa kwenye kiti chake ndani ya matatu kwa kawaida habebeshwi kosa. Basi bima ikimtajia abiria wa namna hiyo habari ya kugawana makosa, aulize: nilikosea nini?

Hatua ya 6. Barua ya madai, daktari wa pili, na ofa

Wakili huandika barua ya madai. Bima nayo huweza kukutaka uende kwa daktari wao. Nenda, sema kweli, usiongeze wala usipunguze. Ripoti mbili zikipishana kidogo ni kawaida. Aliyejifanya kuchechemea akagunduliwa hupoteza hata haki yake ya kweli.

Ofa ikija, uliza maswali mawili tu: hizi ni za vipande vipi? Na gharama za kesi, kama ada ya wakili, zimo ndani au ziko mbali? Ofa ya 500,000 yenye gharama ndani na ya 450,000 yenye gharama mbali, ya pili inaweza kukuachia zaidi mkononi.

Ushauri wangu kwa wakati: usikubali kiasi chochote kabla daktari hajasema jeraha limetulia. Anayelipa mapema hulipa jeraha la leo, na la mwakani litakuwa lako.

Hatua ya 7. Hati ya kuachilia madai

Kabla ya hundi, utapewa hati ya kusaini kwamba umepokea kiasi hicho na hudai tena chochote kwa ajali hiyo. Ukishasaini, mlango umefungwa, hata mguu ukioza baadaye. Isome. Kama Kiingereza chake kinakupita, mpe mtu unayemwamini aisome akufafanulie kabla ya kalamu kugusa karatasi. Ikiwa kesi ilikwisha funguliwa, makubaliano yasajiliwe mahakamani yawe amri, kwa sababu amri inaweza kutekelezwa kwa nguvu bima ikichelewa.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali, kutoka Malindi: Shikamoo mwalimu. Mama yangu anauza samaki wa kukaanga, hana hati ya mshahara wala kitabu. Bima wanasema hana kipato cha kudai.

Marahaba, mwanangu. Wanakosea. Mahakama ya Rufaa ilikwisha kusema mwaka 2005 kwamba hati si njia pekee ya kuthibitisha kazi na kipato cha mtu, kwani Wakenya wengi hujitafutia riziki bila karatasi. Mama aeleze mwenyewe anapata ngapi kwa siku, aje na anayemuuzia samaki na mteja wa kila siku, na taarifa ya M-Pesa kama alikuwa akilipwa kwa simu. Hata ikishindikana kupata kiasi kamili, mahakama huweza kutumia kima cha chini cha mshahara au kukadiria kiasi kwa mkupuo. Haimwachi mikono mitupu kwa sababu ya kukosa karatasi.

Swali, kutoka Kwale: Bado natembea na magongo. Jamaa wa bima amenipigia, ananipa 150,000, na anasema nisipochukua mwisho wa mwezi faili linafungwa.

Pole sana, kaka. Haki yako haifungwi na mwisho wa mwezi wake, inafungwa na ile miaka mitatu ya sheria. Mwambie akuandikie ofa hiyo kwa barua. Usisaini. Nenda kwa daktari akupe ripoti ya hali ilivyo sasa na kitakachohitajika mbele, kisha fanya hesabu ya hatua ya 4. Kama madai yako hayazidi 1,000,000, muulize wakili kuhusu Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ya mwaka 2016 inakusudia kesi imalizike ndani ya siku 60.

Swali, kutoka Bamburi: Mume wangu alikatwa vidole viwili na mashine kiwandani. Utaratibu ni huuhuu?

Hapana dada, njia yake ni nyingine. Ajali ya kazini inakwenda kwa Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007. Hapo hamwanzi kwa kumshtaki mwajiri. Madai hupelekwa kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, na Mahakama ya Juu ilithibitisha njia hiyo Desemba 2019. Mwajiri anatakiwa aripoti ajali ndani ya siku 7 tangu apewe habari, na madai yawasilishwe ndani ya miezi 12. Fidia yake inatoka kwenye mshahara na asilimia ya ulemavu. Mtu akilemaa kabisa na moja kwa moja ni mishahara ya miezi 96. Tafuteni hati zake za mshahara leo, zisije zikapotea. Na asikubali kulipwa mkononi ofisini akaandika kwamba yameisha.

Swali, kutoka Mtwapa: Mtoto wetu wa miaka 9 aligongwa na bodaboda. Tumeshaelewana na mwenye pikipiki, tuchukue tu?

Msichukue kienyeji. Mtoto hushtaki kupitia mzazi au mtu mzima mwingine, na kesi ikiwa mahakamani, makubaliano yoyote kwa niaba yake yanahitaji idhini ya mahakama. Hakimu anaangalia kama kiasi kinamfaa mtoto mwenyewe. Mtoto anakua, na mfupa uliovunjika karibu na kiungo unaweza kuleta tabu miaka mingi baadaye. Muulizeni daktari hilo waziwazi na aliandike.

Swali, kutoka Mariakani: Baba yetu alifariki papo hapo. Nani ana haki ya kudai?

Mungu amrehemu mzee. Kuna mafungu mawili. Moja ni la waliokuwa wakimtegemea: mke au mume, wazazi, na watoto. Ndugu zake wa tumbo moja hawamo. Mahakama huangalia alichokuwa akichuma, sehemu aliyokuwa akiwapa, na miaka ambayo angeendelea kuchuma. La pili ni la mali yake mwenyewe, na hilo linahitaji mtu aliyepewa kibali na mahakama kusimamia. Gharama za mazishi hudaiwa pia, basi msitupe risiti za jeneza na usafiri. Kaeni kikao mchague mmoja wa kushika jambo hili. Nimeona kesi mbili zikifunguliwa na pande mbili za familia juu ya marehemu mmoja, na waliochelewa kulipwa ni watoto.

Swali, kutoka Likoni: Nilisikia bima imelipa tangu mwaka jana. Wakili wangu hapokei simu. Na tulikubaliana achukue asilimia 40.

Anza na makubaliano hayo: Sheria ya Mawakili haitambui mkataba wa kumpa wakili fungu la fidia, wala wa kumlipa ukishinda tu. Malipo yake yana kanuni zake. Pili, pesa zako zinapaswa kukaa kwenye akaunti ya wateja, na una haki ya maelezo ya kila shilingi. Iandikie kampuni ya bima ikuthibitishie tarehe na kiasi ilicholipa. Kisha mwandikie wakili barua, ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa, umpe siku za kujibu. Akinyamaza, peleka malalamiko pamoja na nakala hizo kwa Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili. Huhitaji wakili mwingine ili kulalamika huko.