Kuovahooli injini ya gari la kizamani: pima kwanza, vipuri baadaye

Injini ya gari la miaka ya 1950 au 1960 ni nyepesi kuielewa: bloku ya chuma, kamshafti (shafti inayofungua valvu) iliyolala ndani ya bloku, fimbo za kusukuma valvu, kabureta juu. Kinachosumbua ni kwamba imeshapita mikono mingi. Huenda krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) ilichongwa zamani na silinda zikapanuliwa, wala hakuna aliyeandika popote. Ukiagiza pistoni na metali (beringi bapa za krenki) kabla ya kupima, jiandae kuzirudisha.

Kipimo cha kwanza hufanywa injini ikiwa bado garini. Ipashe moto, toa plagi zote, kanyaga pedali ya mafuta hadi mwisho, kisha pima presha ya kila silinda. Iliyo dhaifu imiminie kijiko kimoja cha oili upime tena. Presha ikipanda, ringi (pete za pistoni) au silinda imelika. Isipopanda, kagua valvu. Silinda mbili jirani zikiwa chini kwa pamoja, mara nyingi gasketi ya hedi (kichwa cha injini kinachofunika silinda) imeungua katikati yao.

Wakati wa kufungua, tia alama kofia za beringi kuu na za konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na krenki) kabla ya kulegeza bolti yoyote. Kila kofia ilichongwa ikiwa imefungwa mahali pake. Ukiibadilisha nafasi au ukiigeuza, tundu halitakuwa duara tena. Fimbo za kusukuma valvu zichomeke kwenye kipande cha kadibodi kwa mpangilio wake. Kamshafti ikiwa mpya, tapeti (vipande vinavyokaa kati ya kamshafti na fimbo hizo) nazo ziwe mpya, kwa sababu za zamani zina mkao wa kamshafti iliyotoka.

Sasa pitisha ukucha juu kabisa ya silinda. Ukikwama kwenye ngazi ndogo, hapo ndipo ringi ya juu ilipokuwa ikigeuzia safari, mahali penye joto kali na oili chache. Pima kipenyo juu, katikati na chini, kila mahali mara mbili: sambamba na krenki, kisha kwa kukingamana nayo. Tofauti ikifika kama 0.15 mm, ringi mpya zitakuwa hasara tupu, silinda ichongwe. Nunua pistoni za saizi kubwa kwanza, mpelekee mchongaji pamoja na bloku, apime pistoni yenyewe badala ya kuamini maandishi ya boksi. Shingo za krenki zikiwa na uyai (umbo la yai badala ya duara) wa 0.05 mm, nazo zichongwe. Hatua za kawaida ni 0.25, 0.50 na 0.75 mm, na metali hufuata saizi hiyo.

Hedi ya chuma ya enzi hizo ilitegemea madini ya risasi yaliyochanganywa kwenye petroli kulinda viti vya valvu za ekzosi. Tangu 2021 hakuna nchi inayouza petroli ya namna hiyo kwa magari, kwa hiyo weka viti vigumu hedi ikiwa bado karakanani.

Bloku ikirudi kutoka kuchongwa, ichukulie kuwa ni chafu hata ikimetameta. Toa vizibo vya njia za oili, pitisha brashi ndefu. Silinda zioshe kwa maji ya moto na sabuni. Petroli huondoa oili lakini huacha unga wa jiwe la kunolea kwenye mikwaruzo. Kausha, paka oili, futa kwa kitambaa cheupe. Kikitoka cha kijivu, rudia. Unga huo humaliza ringi mpya haraka kuliko kitu kingine chochote.

Ringi usiziamini hata zikitoka kwenye pakiti. Ingiza moja ndani ya silinda yake, isukume kwa pistoni iliyopinduliwa ili ikae sawasawa, kisha pima mwanya wa ncha kwa fila geji (vibapa vyembamba vya kupimia mianya). Kadiria 0.1 mm kwa kila 25 mm za kipenyo: silinda ya 80 mm itataka kama 0.3 mm. Mwanya ukiwa mdogo, ncha hukutana injini ikipata moto, na ringi huikwaruza silinda au kuvunja pistoni.

Mgongo wa metali ukae mkavu na safi. Oili huenda upande wa krenki tu. Kaza kofia moja, zungusha krenki kwa mkono, kisha endelea na inayofuata. Ikianza kuwa nzito, unajua kofia yenye kosa. Hedi kaza kwa hatua tatu, kutoka katikati kwenda nje.

Kabla ya kuwasha, piga stata plagi zikiwa nje hadi geji ya oili ipande. Tumia oili yenye zinki ya kutosha. Ikishawaka, ishike kati ya mizunguko 2000 na 2500 kwa dakika, kwa muda wa dakika 20, usiiache sailensa (ikizunguka polepole bila kukanyaga mafuta): kamshafti hupata oili inayorushwa na krenki, na krenki ikienda polepole hairushi kitu.

Baada ya kilomita 500 hivi, mwaga oili, kaza hedi upya ikiwa baridi kama gasketi ni ya aina ya zamani, kisha rekebisha mianya ya valvu. Usigeuze mpangilio huo, maana hedi ikishuka mianya hupungua.