Modela ya gitaa: kwanza jua sauti itatokea wapi

Modela yangu ya kwanza niliizoea kwa hedifoni. Wiki tatu nzima, usiku watu wakishalala, nilikuwa nazungusha vitufe mpaka nikapata sauti ya solo iliyonikuna. Siku ya mazoezi nikaibeba, nikachomeka waya kwenye tundu la mbele la ampu ya gitaa niliyoikuta pale, nikacharaza. Ikatoka sauti ya redio iliyofungiwa ndani ya ndoo. Mpiga dramu akasimamisha vijiti hewani, akaniuliza kama waya umekatika.

Waya ulikuwa mzima. Nilichofanya ni kupandisha ampu juu ya ampu na spika juu ya spika. Modela ni kompyuta inayoigiza mnyororo mzima: ampu, kasha la spika, hata maikrofoni iliyotegwa mbele ya kasha hilo. Sauti ikishapita humo iko tayari kurekodiwa, lakini mimi niliirudisha tena kwenye ampu nyingine yenye spika yake.

Wiki iliyofuata nikajiona nimeerevuka. Nilizima kasha la kuigiza, nikachomeka nyuma ya ampu, kwenye tundu la kurudishia efekti, ambalo huiruka sehemu ya mbele na kupeleka sauti moja kwa moja kwenye pawa, yaani sehemu ya ampu inayosukuma spika. Ikalia vizuri mno. Kisha tukapata shughuli, nikachomeka kwenye mixa, nikasahau kwamba kasha bado limezimwa. Hapo ndipo nilipowasikia nyuki. Spika ya gitaa ya inchi 12 hushuka haraka ukivuka takriban kHz 5, wakati spika za ukumbini zenye twita, yaani spika ndogo za sauti za juu, hulenga kufika kHz 20. Mikwaruzo yote ya distoshoni ambayo spika ya gitaa huimeza ilimwagika masikioni mwa watu.

Ndiyo maana mtu akiniuliza anunue ipi, nami humuuliza: utapigia wapi? Kama ni chumbani tu, huenda huhitaji boksi lolote. Neural Amp Modeler ni programu ya bure inayonakili ampu halisi kwa mtandao wa neva, na ukiwa na kompyuta na kadi ya sauti ya nje unaanza leo. Hakikisha tu kadi hiyo ina tundu la gitaa hasa, lenye ukinzani wa karibu megaomu 1. Ukichomeka kwenye tundu la laini, gitaa linapoteza makali yake na utailaumu programu bure. Bafa, yaani kipande cha sauti ambacho kompyuta hukusanya kabla ya kukichakata, ishushe hadi sampuli 128 au chini yake. Kwa kHz 48 huo ni ucheleweshaji wa kama milisekunde 2.7, na kompyuta itaongeza kidogo juu yake. Usitishike na milisekunde chache. Tatu ni sawa na kusimama mita moja kutoka kwenye spika.

Ukipiga na bendi, hesabu vitufe vya kukanyaga kabla ya kuhesabu ampu zilizomo. Yangu ina ampu zaidi ya mia, natumia mbili. Ila kitufe cha nne nilikililia miezi: kimoja sauti safi, kimoja ya kukwaruza, kimoja solo, na tyuna, kile kipimo cha kutunia nyuzi, nikaifanya kwa kubonyeza viwili pamoja huku nimeinama kama natafuta sindano. Angalia pia kama skrini inasomeka ukiwa umesimama. Kama inakubali kupakiwa makasha ya watu wengine, yaani faili za IR, hilo ni jambo kubwa, maana kubadilisha kasha hugeuza sauti kuliko kubadilisha ampu. Mtumba usiudharau. POD ya Line 6, ile nyekundu yenye umbo la haragwe, ni ya 1998 na leo ni ya makumbusho kidogo, lakini Helix iliyotoka 2015 bado unaikuta majukwaani. Kwenye mtumba kagua adapta: volti, ncha ipi chanya ipi hasi, na miliampia zinatosha. Modela hula umeme kuliko pedali za kawaida, na ukiinyima itazimika katikati ya wimbo.

Sasa kutengeneza sauti. Sahau preseti za kiwandani, yaani sauti zilizohifadhiwa tayari ndani ya modela. Zimepangwa zimvutie mtu dukani akiwa peke yake, na dilei na riveb, yaani efekti za mwangwi, zimejazwa mpaka juu. Fungua ukurasa mtupu. Weka ampu moja ya sauti safi ya aina ya Fender, kasha moja, basi. Vitufe vyote vielekeze saa sita, vikitazama juu. Piga kodi moja, iache ilie hadi ife. Kama inaumiza sikio, usikimbilie kupunguza treble. Sogeza kwanza maikrofoni ya kuigiza kutoka katikati ya spika kwenda pembeni, sentimita mbili tatu, upige tena. Mara nyingi ukali unaondoka hapo hapo, na hujagusa ampu. Baada ya kasha weka kichujio: kata chini ya Hz 80 au 100, kata juu ya kHz 7 hivi. Uzi mnene kabisa wa gitaa lililotuniwa kawaida ni Hz 82, kwa hiyo ukikata pale chini unayempa nafasi ni mpiga besi.

Gaini, yaani kiasi cha kukwaruza, iweke unapopenda, halafu ipunguze robo. Chumbani utaiona nyembamba, lakini kwenye bendi utasikika. Sauti za kati usizichimbe shimo, maana gitaa linaishi humo.

Halafu jambo lililonichelewesha kuliko yote: ile preseti ya usiku. Mwaka 1933 Fletcher na Munson wa Bell Labs walichapisha michoro inayoonyesha kwamba sikio halisikii masafa yote kwa usawa, na kwamba sauti ikiwa ndogo besi hufifia kuliko sauti za kati. Za juu kabisa nazo hupungua. Mimi usiku nilikuwa naongeza besi na treble kufidia, bila kujua. Volyumu ilipopanda, besi ikavuma na treble ikachoma. Siku hizi preseti naimalizia kwa sauti ya mazoezi, nimesimama, spika ile ile nitakayotumia, na ikiwezekana dramu zikilia. Hapo pia nasawazisha preseti moja na nyingine, na solo naipa desibeli 3 zaidi ya ridhimu.

Kwa fundi mitambo: mwambie unampa sauti iliyokamilika, asitege maikrofoni. Mwombe azime umeme wa volti 48 kwenye chaneli yako, maana si kila modela inauvumilia. Tundu la kutokea lina kiwango chake, laini au ala. Kikikosewa, sauti itapasuka kwake au itakuwa hafifu. Pakitokea mngurumo, bonyeza kitufe cha kukata athi kama kipo.

Programu ya kifaa usiisasishe siku ya onyesho. Nilifanya hivyo mara moja, saa mbili kabla ya kupanda jukwaani, preseti zikafutika zote na nakala sikuwa nayo.

Nyuma ya boksi langu kuna plasta mbili nilizoziandika kwa kalamu nene. Kwenye tundu la XLR, la kwenda kwenye mixa: KASHA WASHA. Kwenye jeki, ya kwenda nyuma ya ampu: KASHA ZIMA. Mpiga dramu bado huzisoma kwa sauti kila tunapofunga vyombo.