Somo: Kupima mionzi ya asili kwenye udongo, kuanzia shambani hadi bekereli kwa kilo

Naandika hapa mara moja ili nisijibu tena mtu mmoja mmoja. Kila muhula, wanafunzi wa vyuo vya Maseno, Bondo na Njoro wakifika hatua ya maabara, swali ni lile lile: "Udongo ninao, sasa nifanyeje nipate Bq/kg?" (Bekereli moja, Bq, ni kuoza kwa atomu moja kwa sekunde.) Hatua ni hizi. Zile nyepesi nimezipa mstari mmoja. Hatua ya sita isome mara mbili kabla ya kuuliza chochote.

1. Ruhusa. Leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kwanza, kisha chifu, kisha mwenye shamba. Usichimbe kwa watu bila kupiga hodi.

2. Kuchimba. Ondoa majani na mizizi, chota kutoka pembe nne na katikati ya eneo la mita moja mraba, changanya, beba kilo moja au mbili. Jina la sampuli liandikwe nje ya mfuko na kwenye karatasi ndani yake.

3. Kukausha. Tanuri la maabara, nyuzi 105 hadi 110, mpaka uzito uache kushuka. Kwa udongo mwingi siku moja yatosha. Ule mweusi wa Kano uvunjevunje ungali na unyevu kidogo, maana ukishakauka ni tofali.

4. Kusaga na kuchekecha. Tundu za milimita 2. Anza na sampuli unazodhani zina mionzi kidogo, malizia na za vilima vya Ruri, Homa Bay, zenye thoriamu nyingi, kama unazo, na usafishe kinu kila mara. Vaa barakoa, vumbi hilo si la kuvuta.

5. Kujaza. Pima kopo tupu, lijaze, lipime tena. Kimo cha udongo kiwe kile kile kwa sampuli zote.

6. Kufunga na kusubiri. Hapa ndipo kazi nyingi hufia. Yuraniamu-238 yenyewe haitoi gama ya kusomeka kirahisi, kwa hiyo tunaifuata kupitia kizazi chake. Katika ukoo huo radiamu-226 huzaa radoni-222, na radoni ni gesi. Vilele tunavyovitegemea (mahali mchoro wa nishati za gama unapopanda; keV ni kipimo cha nishati hiyo), vya risasi-214 (295 na 352 keV) na bismuthi-214 (609, 1120 na 1764 keV), vyote vinakuja baada ya hiyo gesi. Ulipokausha na kusaga, radoni iliyokuwa imetoka ndani ya punje ilienda zake hewani. Ukipima siku hiyo hiyo mashine itakupa namba nzuri yenye desimali tatu, na namba hiyo itakuwa chini ya ukweli bila dalili yoyote ya kukuonya.

Ukifunga kopo, pengo hilo huzibika kwa mwendo wa nusumaisha ya radoni (muda wa nusu yake kuoza), yaani siku 3.82. Wiki moja: asilimia 72 ya pengo imezibika. Wiki mbili: 92. Siku 27: zaidi ya 99. Wiki nne zimetoka hapo. Msimamizi wako hakuzibuni ili akucheleweshe.

Tahadhari za hatua hii:
Mfuko wa plastiki wenye zipu si kopo. Radoni hupita kwenye plastiki nyembamba.
Usizibe kwa silikoni ya mafundi wa madirisha. Inazuia maji vizuri sana, lakini radoni huipenya. Tumia gundi ya epoksi au mkanda wa alumini, kwenye kopo lenye ukuta mnene.
Usiache nafasi tupu juu. Gesi hukusanyika pale, na vizazi vyake hubaki pale, mbali na mahali ambapo hesabu yako inadhani vipo.
Andika tarehe na saa ya kufunga kwenye kopo lenyewe, si kwenye daftari peke yake.
Ukifungua "kuangalia tu", umeanza upya. Siku ya kwanza.

7. Kusawazisha ditekta, mashine inayohesabu gama. Tumia viwango (sampuli ambazo mionzi yake inajulikana) vya IAEA, shirika la kimataifa la nishati ya atomiki: RGU-1 kwa yuraniamu (4,940 Bq/kg), RGTh-1 kwa thoriamu (3,250), RGK-1 kwa potasiamu (14,000). Viwe kwenye kopo la aina ile ile, kimo kile kile, vimefungwa na kusubiri vilevile. Ndiyo, hata kiwango husubiri. Udongo wako ukiwa mzito kuliko kiwango, rekebisha, hasa kwa vilele vya nishati ya chini kama 239 keV, kwa sababu udongo wenyewe humeza gama zake.

8. Kupima. Hesabu kopo tupu kwa muda mrefu kama wa sampuli, au zaidi. Kuta za maabara zina potasiamu, na hewa ya chumba ina radoni yake. Usipotoa hiyo unaipima nyumba.

9. Kusoma vilele. Potasiamu-40 ni 1460.8 keV. Thoriamu soma kwa aktiniamu-228 (911), risasi-212 (239) na thaliamu-208 (583 na 2614). Msikimbilie 186 keV kama kilele cha radiamu: yuraniamu-235 ina kilele karibu pale pale, na kwenye udongo wa kawaida radiamu ina asilimia 57 hivi tu ya mnachokiona.

10. Hesabu. Gawanya idadi halisi ya kilele kwa zao la ufanisi (sehemu ya gama ambazo ditekta inazinasa), uwezekano wa gama (mara ngapi atomu ikioza hutoa gama hiyo), sekunde na kilo. Mfano: kilele cha 609 kina 5,460 baada ya kutoa mionzi ya mazingira, sekunde 36,000, ufanisi 0.02, uwezekano 0.455, uzito kilo 0.400. Jibu ni 41.7 Bq/kg. Sekunde ziwe zile ambazo ditekta ilikuwa huru kupokea, si za saa ya ukutani.

Kulinganisha: ripoti ya 2000 ya UNSCEAR, kamati ya mionzi ya Umoja wa Mataifa, inaweka namba za kati za udongo duniani kuwa 35 kwa radiamu, 30 kwa thoriamu na 400 kwa potasiamu. Kwa kipimo cha mionzi hewani, mita moja juu ya ardhi, zidisha radiamu kwa 0.462, thoriamu kwa 0.604, potasiamu kwa 0.0417, jumlisha. Namba hizo za kati zinatoa nanogrei 51 kwa saa. Mkipata tarakimu zenu, anzeni kwa kuziweka kando ya hiyo.

MASWALI

Mwanafunzi wa Kisumu: Mkuu, asante. Ila utetezi wangu ni wiki ijayo na nimefunga juzi. Naweza kupima sasa halafu nizidishe kwa 1.2?

Chekeche: Hapana. Hiyo 1.2 umeitoa wapi? Kila udongo huachia radoni kwa kiwango chake: wa mchanga tofauti, wa mfinyanzi tofauti, mbichi na mkavu tofauti. Potasiamu na thoriamu unaweza kuziripoti sasa. Radiamu mwambie msimamizi kwamba bado, na umweleze kwa nini.

Mwanafunzi wa Kisumu: Na kama nikiandika tu kwamba nilisubiri wiki nne?

Chekeche: Huo ni uongo, na sitakusaidia nao.

Akinyi wa Maabara: Samahani kaka, kitu kimoja kinanisumbua. Ukoo wa thoriamu nao una gesi, thoroni. Mbona hiyo hatuisubiri?

Chekeche: Dada, hili ndilo swali nililotaka mtu aulize. Thoroni ina nusumaisha ya sekunde 56 hivi. Nyingi huoza kabla haijatoka hata kwenye punje iliyoizaa, na inayotoka ndani ya kopo huoza humo humo. Chini yake risasi-212 ina saa 10.6, kwa hiyo siku chache zinatosha ukoo kutulia. Hofu ya thoriamu iko mahali pengine: radiamu-228, yenye nusumaisha ya miaka 5.75. Udongo wa kawaida hauna shida. Lakini ukileta kitu kilichopita kiwandani au kwenye asidi, mbolea au mabaki ya kuchenjua dhahabu kwa mfano, radiamu na thoriamu huenda zimetenganishwa, na hakuna wiki nne zitakazozirudisha pamoja. Linganisha 911 ya aktiniamu na 239 ya risasi-212. Zikikupa majibu mawili tofauti, ukoo umevurugika, na uandike hivyo. Zikikubaliana bado hujathibitisha kila kitu kuhusu thoriamu-232 yenyewe, lakini una amani zaidi.

Akinyi wa Maabara: Asante sana. Sasa, nitajuaje kopo langu linavuja? Nikipima wiki ya nne na ya tano nikapata sawa, si inatosha?

Chekeche: Haitoshi, na wengi hudanganyika hapo. Kopo linalovuja taratibu nalo hufika mahali likatulia, ila linatulia chini. Njia nzuri ni kupima kopo moja siku ya 1, 4, 8, 15 na 28, uchore 609 ikipanda. Kopo zima hupanda kwa mwendo wa siku 3.82. Linalovuja huacha kupanda mapema, kwa sababu kuoza na kuvuja vyote vinaiondoa radoni. Ukiona mstari umelala siku ya nane, badilisha kifuniko. Fanya hivyo kwa kopo moja la kila aina, si lazima yote.

Mhitimu Bondo: Hii ya kuvuja ilinipata. Makopo yangu yote yalizibwa kwa silikoni, nikapata radiamu ndogo kila mahali, nikashangilia. Nilirudia yote. Watu wasikie.

Mchimbaji: Habari. Nina jiwe zito linametameta, nimelitoa karibu na machimbo ya Migori. Nadhani ni yuraniamu. Soko liko wapi na bei ni ngapi?

Chekeche: Kumetameta si mionzi. Hakuna anayeweza kujua kwa macho. Usilisage, usilitunze unapolala, usilitangaze. Kama una shaka ya kweli, ripoti kwa KNRA, mamlaka ya nyuklia. Kuuza madini ya aina hiyo bila leseni ni kosa la jinai, na hapa hatutafutii mtu mnunuzi.

Mchimbaji: Na zebaki nyekundu je? Kuna mzee anasema iko kwenye cherehani za zamani.

Chekeche: Haipo. Si kwenye cherehani, si mahali popote. Watu wamepoteza ng'ombe na mashamba kwa uvumi huo. Mwambie mzee, kwa heshima, asitoe pesa.

Fundi Mitambo Nakuru: Chuo chetu hakina ditekta ya jemaniamu, tuna ya sodiamu ayodaidi tu. Tuache?

Chekeche: Msiache. Ile ditekta haitenganishi vilele vizuri: kwa 662 keV upana wa kilele ni karibu asilimia 7, yaani keV 46 hivi, wakati jemaniamu hutenganisha vilele vilivyoachana kwa keV chache tu. Kwa hiyo msihangaike na 352 na 609 zilizobanana na majirani. Nendeni juu, ambako ni peupe: 1460 kwa potasiamu, 1764 kwa yuraniamu, 2614 kwa thoriamu. Pimeni viwango vitatu vya IAEA kimoja kimoja mjue kila kimoja kinamwaga kiasi gani kwenye dirisha (eneo la kilele) la mwenzake, kisha mtoe. Anzeni na thoriamu, kisha yuraniamu, kisha potasiamu. Msimuonee mtu mwenye jemaniamu wivu, yeye analisha mashine naitrojeni kimiminika ya kuipoza kila wiki.

Dokta wa Mifugo: Kuhusu naitrojeni, sisi wa kupandikiza ng'ombe mbegu tunaibeba kila siku. Maabara nyingi hazijui kwamba magari yetu hupita mlangoni kwao. Ulizeni ofisi ya mifugo ya kaunti kabla ya kuagiza kutoka mbali.

Chekeche: Ushauri mzuri, daktari. Nami niongeze: ile naitrojeni inayofuka kutoka kwenye chupa ya ditekta msiiache ipotee. Ielekezeni kwa mrija ndani ya ngao ya risasi. Inasukuma nje hewa ya chumba pamoja na radoni yake, na vilele vya 352 na 609 kwenye kopo tupu vinapungua. Ila chumba kiwe na madirisha wazi, naitrojeni hufukuza oksijeni kimyakimya. Na stima ikipotea usiku wa kupima? Wekeni programu ihifadhi spektra kila saa. Mkiwa na betri ya akiba, ditekta kwanza, kompyuta baadaye.

Nyakwar Lambwe: Nimetoka Homa Bay, karibu na Ruri. Nilileta sampuli ya mwamba na mashine ikaonyesha muda mwingi imeshughulika, vilele vimepanuka. Mashine imeharibika?

Chekeche: Haijaharibika. Miamba ya kabonatiti ya Ruri ina thoriamu nyingi, na ditekta ilikuwa inapokea kuliko inavyoweza kuhesabu. Tumia kiasi kidogo kwenye kopo dogo, au sogeza kopo mbali, ila kiwango nacho ukipime kwa umbali huo huo. Mimi huhakikisha muda ambao ditekta imeshughulika na haipokei hauzidi asilimia 5. Na nakuomba kitu: pima pia mawe ambayo watu wanajengea, na sakafu zao, sio mlima peke yake. Mtu halali mlimani. Ukipata majibu, rudi kwa wenye nyumba uwaeleze kwa Dholuo, na uwaambie kwamba kufungua madirisha hupunguza radoni leo hii hata kabla ya utafiti kuisha.

Nyakwar Lambwe: Nitafanya hivyo. Wengi wananiuliza kama wahame.

Chekeche: Usiwajibu kwa sampuli moja. Pima nyumba nyingi kwanza, majira ya mvua na ya kiangazi.

Mwalimu wa Fizikia, Kakamega: Sisi wa sekondari hatuna chochote zaidi ya kaunta ya Geiger ya kuazima. Nionyeshe nini kidato cha nne?

Chekeche: Mwalimu, nenda duka la pembejeo ununue kilo moja ya mbolea ya potasiamu, ile ya MOP. Kila gramu ya potasiamu ina takriban bekereli 31, na nusu ya uzito wa mbolea hiyo ni potasiamu, kwa hiyo kilo ina kama bekereli 15,000. Itie kwenye sahani pana, weka kaunta juu yake bila kugusa, wahesabu dakika kumi. Kisha dakika kumi juu ya sahani ya chumvi ya mezani. Warudie mara tano waone namba zinavyocheza zenyewe, ndipo uwafundishe kwamba kucheza huko ni kama kipeuo cha pili cha idadi. Halafu uweke karatasi kati ya mbolea na kaunta, kisha bamba la alumini, wakuambie kipi kinazuia nini.