Siku mbili Kigoma na Ujiji: anza na mwezi, ndipo utafute chumba

Wageni ninaowatembeza huanza kwa kuuliza hoteli. Mimi huwauliza tarehe, kwa sababu Kigoma sahani inafuata ziwa, na ziwa linafuata mwezi.

Hatua ya 1: Panga tarehe kwa mwezi

Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Siku za giza taa huwavuta juu, na migebuka huja nyuma yao kuwala. Mbalamwezi ikiwaka, taa haifui dafu na mitumbwi mingi hubaki ufukweni. Basi njoo wakati wa giza. Wiki ya mwezi mpevu samaki wabichi huadimika na bei hupanda.

Uliza pia kama ziwa liko wazi. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Ikiwa ni Ramadhani, usitegemee chakula cha mchana Ujiji; subiri futari.

Hatua ya 2: Lala Mwanga

Mjini karibu na stesheni kunamfaa anayeshuka treni usiku. Hoteli kubwa zinazotazama ziwa, kama Kigoma Hilltop, zina mandhari ya kupendeza, ila ukitaka kula mtaani inabidi bajaji kila mara. Wengi nawapeleka gesti za Mwanga: bei ni nafuu, usafiri wa Ujiji uko jirani, na mama lishe hawako mbali. Kabla hujalipa ingia chumbani, fungua bomba, washa feni, kunjua chandarua utazame matundu.

Hatua ya 3: Asubuhi, stesheni kisha Kibirizi

Stesheni ilijengwa na Wajerumani. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika hapa mwaka 1914. Inatumika hadi leo, kwa hiyo omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Kisha panda bodaboda hadi mwalo wa Kibirizi jua halijawa kali, uone samaki wakishushwa.

Hatua ya 4: Mchana wote uwe wa Ujiji

Wengi hupiga picha kwenye mnara wa Livingstone, wanasoma kwamba Stanley alimkuta hapo mwaka 1871, wanarudi mjini. Inaniuma. Ujiji ulikuwa mji wa biashara kabla ya wawili hao: misafara ya Bagamoyo iliyopitia Tabora iliishia hapa, na pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo walivushwa kutoka ng'ambo ya ziwa. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika mwaka 1858, waliwakuta wafanyabiashara wamekwishatangulia. Ingia makumbusho, msikilize mwongozaji hadi mwisho, halafu tembea mitaani chini ya miembe. Vaa nguo za heshima na wasalimie wazee kwanza; ukiwaamkia vizuri watakuonyesha zaidi ya kilichoandikwa ukutani.

Chakula usiagize ukiwa na njaa tayari. Pita kwa mama lishe kabla ya makumbusho, chagua mgebuka mwenyewe: jicho liwe angavu, mashavu yawe mekundu ndani. Mwambie, "Mama, naomba huyu wa kuchoma, nakuja saa saba." Uombe na ugali wa muhogo. Ni mzito na unavutika, kwa hiyo mega tonge dogo. Dagaa waombe wa mawese, maana mafuta ya alizeti hayawapi ladha ile.

Hatua ya 5: Dagaa wa kubeba

Nunua waliokaushwa kwenye chanja. Waliokaushwa chini huwa na mchanga. Tafuna mmoja pale pale sokoni, meno yatakuambia. Wachague wakavu wanaovunjika, kwani wakiwa na unyevu watavunda njiani. Mawese yaweke kwenye chupa ya kifuniko cha kukaza, kisha ndani ya mfuko wa peke yake mbali na nguo, kwa sababu doa lake halitoki.