Nota za kwaya ya wanaume: cheki haya kabla hujatoa hela

Kabla hujaanza kupekua nota mtandaoni hesabu watu wako kwanza. Sio wale walioandikwa kwenye daftari, nasema wale wanaotokea mazoezini hata mvua ikinyesha. Alafu jiulize kati yao teno ya kwanza wa kweli ni wangapi, manake kwaya ya wanaume inakwama hapo kuliko sehemu nyingine yoyote. Baritoni utawapata tu, wanaume wengi sauti zao ziko katikati hata kama mwenyewe anajiita besi kwa sababu ana ndevu, ila mtu wa kukaa juu dakika nne mfululizo bila kukaba koo ni adimu kweli.

Sasa angalia herufi kwenye kava. TTBB ni teno ya kwanza, teno ya pili, baritoni na besi. Ziko pia TTB, TBB na TB, na watu wengi wanazipita kama vile ni za watoto, wakati kwaya ya watu kumi na mbili yenye teno watatu ikiimba TBB iliyoandikwa vizuri inasikika imeshiba kuliko ikijilazimisha TTBB ambayo kila sauti ya teno inabaki na mtu mmoja na nusu. Na usiamini kava peke yake, fungua ndani, kuna nyimbo zimeandikwa TTBB alafu ukurasa wa tano besi zinagawanyika mbili na teno nazo zinagawanyika, ghafla una sauti sita na watu ni wale wale. Mfano mzuri ni Ave Maria ya Franz Biebl ambayo kila kwaya ya wanaume inaitamani, ule mpangilio wake wa asili una kikundi cha watu watatu kinachojibizana na kwaya ya sauti nne, yaani mistari saba jumla, kwaiyo hata kama kila mstari peke yake sio mgumu inabidi uwe na watu wa kugawa.

Kitu cha pili, na hiki ndo nataka ukishike kuliko vyote: usiangalie nota ya juu kabisa, angalia wimbo unakaa wapi. Nyimbo mbili zinaweza kufika A ile iliyo juu ya C ya kati. Ya kwanza inaigusa mara moja tu mwishoni, kwa nguvu, kwenye silabi yenye "a", na kabla yake kuna pumziko la kuvuta pumzi. Hiyo teno wako wataifurahia. Ya pili inazunguka kati ya E na G kurasa mbili nzima, sauti ndogo, maneno mengi yenye "i" na "u", alafu ndo inaenda A. Kwenye orodha ya duka zote mbili zimeandikwa ugumu wa kati na upeo ule ule, ila ya pili itakumalizia watu, manake pale kati ya E na G ndo sauti ya teno inapobadilika kutoka kifuani kwenda kichwani, na mtu asiye na mafunzo akikaa hapo muda mrefu ama anapiga kelele ama anashuka tuni.

Njia ya kuligundua hilo ni rahisi sana. Chukua penseli, pitia mstari wa teno ya kwanza, zungushia kila nota kuanzia F iliyo juu ya C ya kati (kwa inavyosikika) kwenda juu. Duara chache zilizotawanyika, sawa. Zikijazana ukurasa mzima, weka pembeni hata kama wimbo unakuliza machozi. Kumbuka tu teno huwa anaandikwa kwenye ufunguo wa G (ile alama ya mwanzo wa mstari) wenye kinane kidogo, yaani namba 8, chini yake, maana yake inasikika oktavu moja (kutoka C hadi C inayofuata) chini ya ilivyoandikwa, na matoleo mengine ya zamani hayaweki hicho kinane, kwaiyo usishtuke ukaona wanaume wameandikiwa kama soprano, sauti ya juu ya wanawake.

Upande wa besi kipimo changu ni gitaa. Uzi mnene kabisa wa gitaa ni E, na hiyo E ndo mpaka wa besi wengi wa kawaida. Wimbo ukiteremka hadi hapo mara moja moja fresh, ukishuka D au C chini ya hapo uwe na uhakika una mtu, sio una matumaini.

Kuhusu kuchukua wimbo wa kwaya ya mchanganyiko (wanawake na wanaume) na kuugeuza wa wanaume, hapa ndo walimu wengi wanaumia. Kwaya ya mchanganyiko kutoka besi ya chini hadi soprano ya juu ina karibu oktavu tatu na nusu. Wanaume wana mbili na nusu hivi. Oktavu nzima haipo, na sauti ni nne zile zile, kwaiyo lazima zibanane. Chukua akordi (nota zinazoimbwa kwa pamoja) ya kawaida kabisa ya C, na alto ni sauti ya chini ya wanawake: besi C, teno G, alto E, soprano C ya juu. Soprano kashika melodi. Ukimshusha oktavu moja ili teno aiimbe, melodi inaangukia C ya kati na ile E ya alto sasa iko juu yake. Melodi imezama ndani. Ukisema basi na alto ashuke, E yake inakuja kukaa jirani kabisa na C ya besi, na sauti mbili zikikaribiana hivyo huko chini haziimbi tena, zinanguruma. Shusha wimbo mzima kidogo na ukungu unazidi.

Mtu anayejua kuarenji analitatua hili kwa njia zake. Anaipa melodi teno ya pili na kuiacha teno ya kwanza ielee juu kwa sauti nyepesi, ndo mtindo wa babashopu, ule wa kikundi cha sauti nne bila ala, ulivyo, au anaacha nafasi pana kati ya besi na baritoni alafu anabananisha huko juu. Kwaiyo ukipata toleo la TTBB la wimbo wa mchanganyiko angalia hivyo viwili tu, melodi iko kwa nani na chini kumeachwa nafasi kiasi gani. Ukiona baritoni na besi wanatembea bega kwa bega huko chini bari baada ya bari, mtu kabofya kitufe cha kutranspozi (kuhamisha nota zote juu au chini) akaenda kulala.

Na hapo hapo kuna lile wazo la "tutashusha toni moja tu teno wapumue". Inafanya kazi kama besi ana nafasi. Wimbo wa F wenye teno inayofika A na besi inayofika F ya chini, ukiushusha toni moja teno anapata G, raha, ila besi sasa yuko E flati, chini ya uzi wa gitaa. Umehamisha tatizo tu. Kama ni a kapela (bila ala) jaribu kwanza nusu toni, haina gharama, unatoa tu nota nyingine ya kuanzia. Kama kuna kinanda hakikisha mpigaji anaweza, au nota zipo zimeandikwa kwa kimo hicho kipya.

Ndo maana mimi huwa naanza na zile zilizoandikwa kwa wanaume tangu mwanzo. Ziko nyingi kuliko watu wanavyodhani. Mtunzi Schubert kaandika kibao, Ujerumani vikundi vya wanaume kuimba pamoja vilishamiri tangu mtunzi Zelter aanzishe chake Berlin mwaka 1809, Finland kuna kwaya ya wanaume ya chuo kikuu tangu 1883 na mtunzi wao Sibelius ana kazi nyingi tu za TTBB, Estonia kuna mtunzi Tormis. Mtunzi Cherubini Rekwiem (misa ya wafu) yake ya pili, ya mwaka 1836, aliiandika kwa wanaume watupu na okestra kwa sababu ile ya kwanza ilileta maneno kanisani kisa ina sauti za wanawake. Hawa watu walijua ile oktavu haipo na wakaandika kwa kuijua. Lugha itakusumbua kidogo, ila Kilatini kwa mtu wa Kiswahili ni chepesi sana, irabu ni zile zile tano.

Kama ni vijana ambao sauti zinavunjika, haya yote yashushe chini. Wengi wao wana kama oktavu moja ya uhakika na inahama kila baada ya miezi michache. Tafuta TB au TTB yenye mistari mifupi ya upeo mdogo, na usimpe mtoto jina la besi mapema akalizoea.

Haki miliki. Nchi nyingi ulinzi ni miaka 50 au 70 baada ya mtunzi kufa, angalia ya kwako ikoje. Kinachowachanganya watu ni kwamba wimbo wenyewe unaweza kuwa wa zamani hauna mwenyewe, lakini aliyeuarenji yuko hai na haki anayo. Za bure na halali zipo kwenye tovuti za nota CPDL na IMSLP, na CPDL unaweza kutafuta moja kwa moja kwa TTBB au TTB, ila zile nota zinachapwa na watu wa kujitolea na makosa yapo, kwaiyo nenda IMSLP utafute skani ya chapa ya zamani ulinganishe kabla hujaprinti kopi thelathini. Za kununua kwa pdf, wachapishaji wengi wanaweka idadi ya chini ya kopi, na unalipia kila mwimbaji, kununua moja na kutoa fotokopi sio ujanja ni wizi tu.

Sampuli za bure kwenye tovuti za kuuza nota mara nyingi ni kurasa za mwanzo tu, na watunzi wengi wanaweka mlima mwishoni. Kama ukurasa wa mwisho hauonyeshwi tafuta rekodi, sikiliza dakika ya mwisho, na sikiliza ya kwaya inayofanana na yenu, sio ya maprofeshono arobaini. Tena rekodi ina mwangwi wa ukumbi, ile miungurumo ya chini inapotea kabisa, kwaiyo ukiweza piga mistari miwili ya chini kwenye kibodi mwenyewe usikie.

Ukishapata tatu nne ziweke pamoja uzitazame kama programu. Saa nzima ya TTBB inachosha sikio, rangi ni moja, kila kitu kiko kwenye eneo lile lile. Weka wimbo wa sauti moja wote pamoja, weka kanoni (sauti zinazofuatana kwa wimbo ule ule), weka mmoja wenye kinanda au ngoma, weka solo, na usipange vitatu mfululizo vyenye kimo kimoja na mwendo mmoja. Teno ya kwanza usiwape nyimbo mbili nzito zikifuatana.

Alafu kabla ya kuagiza kopi za wote, ita watu wanane, wawili kila sauti, wa kawaida sio mastaa, uwape bari nane ngumu kuliko zote za wimbo huo, wazirudie mara tano, na usikilize mara ya tano. Kama teno wa kwanza bado wanacheka na hawajaanza kukohoa, agiza.